Kama leukemia ni mambo ya jeni, basi imetoka kwa ukoo gani?

#1 MjombaKatuba
Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, Katuba. Mtoto wa dada yangu ana miaka 4. Homa wiki tatu. Wakatibu palu (malaria) mara mbili, tifoidi mara moja, kisha wakaona damu imemwishia, wakamwongezea. Munganga wa tatu ndiye aliyeshika karatasi ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, akanyamaza, halafu akatuambia ni leukemia kali, kansa ya damu. Dada akauliza imetoka wapi. Akajibu akiwa ameshafika mlangoni: "Ni mabadiliko ya jeni."

Neno hilo limetuharibia nyumba. Upande wa shemeji wanasema jeni ni kitu cha kurithi, na kwao hakuna aliyewahi kuumwa hivyo, basi kimetoka kwa dada yangu. Jumamosi kuna kikao na mimi ndiye nitakayesema kwa upande wetu. Kama ni jeni, ni lazima iwe imetoka kwa mzazi mmoja?

#2 Bukari_na_Samaki
Kikao cha ukoo juu ya jeni! Mwenyekiti atakuwa nani, kromosomu? Pole lakini, ndugu. Nimeshaweka kiti.

#3 MpitaNjiaDar
Samahani, mganga ndiye aliyesoma hemogramu? Huko waganga wa kienyeji wana maabara?

#4 LaboUsiku
@MpitaNjiaDar, huku munganga ni daktari. Mnayemwita ninyi mganga sisi tunamwita mufumu. Tuendelee.

Mjomba, pole. Mimi ni wa labo, zamu ya usiku. Jibu fupi la kubeba kikaoni: hapana, si lazima. Na mara nyingi kabisa si hivyo. "Jeni" na "kurithi" ni maneno mawili. Jeni ni maandishi yaliyo ndani ya kila seli. Anemia ya SS (selimundu) ni kosa lililokuwa katika maandishi ya baba na ya mama, mtoto akalipokea kwa wote wawili, nalo liko katika kila seli ya mwili wake tangu siku ya kwanza. Leukemia ni kitu kingine. Seli moja ndani ya uboho wa mtoto, yaani ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, mtoto ambaye maandishi yake mengine yote yako sawa, ilikosea wakati wa kujinakili. Kosa hilo halimo katika ngozi yake, halimo katika ini lake, na halimo katika damu ya mama wala ya baba. Limo katika ile seli na wazao wake tu.

Na "kali" haina maana kwamba inauma zaidi. Maana yake inakwenda mbio, kwa wiki, si kwa miaka.

#5 MwanaKipushi
Benzangu, mie nasema paka hivi: muko mu Katanga na munatafuta ukoo? Shinkolobwe iko wapi? Urani ya bomu ya Hiroshima ilitoka kwetu hapa. Batu banakunywa maji ya migodi, banapumua bulongo ya migodi, kisha munauliza jeni ya mama. Muache mama wa batu.

#6 MwalimuLikasi
@MwanaKipushi, Shinkolobwe iko karibu na sisi Likasi. Kipushi mlikuwa na shaba na zinki, msituibie na urani. Ila umegusa jambo lenye uzito, ngoja nilinyooshe.

Mionzi inakata DNA, yaani yale maandishi ya jeni, hilo halina ubishi. Waliosalia Hiroshima na Nagasaki, leukemia ilianza kuongezeka kwao kama miaka 2 baada ya 1945, ikafika kilele kati ya miaka 6 na 8, na waliokuwa watoto waliathirika zaidi. Ni kweli pia kwamba urani ya Shinkolobwe ilikwenda Marekani kwa ajili ya bomu, na kabla ya hapo, miaka ya 1920, mawe yetu yalisafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, kukamuliwa radiamu. Madame Curie mwenyewe aliuawa na leukemia kwa sababu ya radiamu.

Lakini kutoka "mionzi inaweza" mpaka "mionzi ndiyo iliyompata mtoto huyu wa Katuba" kuna mto katikati, na mimi sioni mtumbwi.

#7 DiasporaBxl
Mwalimu, kosa dogo. Marie Curie alikufa 1934 kwa upungufu wa damu ambapo uboho wenyewe unaacha kufanya kazi. Aliyekufa kwa leukemia ni binti yake, Irène, mwaka 1956. Mengine sawa.

#8 MwalimuLikasi
Nakubali. Miaka 15 nawafundisha watoto hivyo. Mungu anisamehe, na wakaguzi pia.

#9 GomaLava
Huku Goma wangesema ni mazuku, ile hewa ya sumu ya volkano. Kila ugonjwa usiojulikana tunausingizia mlima Nyiragongo.

#10 NesiWaZamu
Mazuku huua kwa kukosa hewa, haina muda wa kuchezea jeni 😄

Mjomba, mtoto alikuwa na nini zaidi? Alama za kuvilia damu kwenye miguu? Fizi kutoka damu? Kulalamika mifupa? Nauliza kwa sababu nimeona watoto wanaletwa wakiwa wanakataa kutembea, wazazi wakadhani ameanguka shuleni. Uboho umejaa seli changa, mfupa unauma kutoka ndani.

#11 MjombaKatuba
@NesiWaZamu vyote. Hata kutembea alikataa. Bibi yake akamsugua mafuta wiki nzima.

@LaboUsiku asante. Lakini shemeji ni fundi mekanisien, mtu wa kuuliza "kwa nini". Nikimwambia seli imekosea, ataniuliza imekosea vipi.

#12 LaboUsiku
Mwambie hivi. Uboho ni karakana isiyofungwa hata Jumapili: seli nyekundu peke yake zinatoka bilioni 200 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Kila seli ikigawanyika inanakili herufi bilioni 6 hivi. Kuna wasahihishaji ndani, lakini kazi ni nyingi na usiku ni mrefu.

Katika leukemia za watoto, kosa kubwa mara nyingi si herufi moja. Ni kipande kizima cha kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, kilichokatika na kushonwa kwingine. Fikiri fundi wa nguo, umeme umekatika, amekata vitenge viwili gizani na kushona nusu ya hiki kwenye nusu ya kile. Nguo inavalika, lakini maua yanakutana na maneno ya kampeni. Pale kwenye mshono jeni mbili zisizojuana zimekuwa jeni moja, na jeni hiyo inatoa protini ambayo mwili haukuwahi kuiagiza.

Ulioenea zaidi kwa watoto wa rika la huyu wako ni mshono wa kromosomu ya 12 na ya 21. Kule wanakopima kila mtoto, wanaukuta kwa kama robo ya leukemia kali za limfu za utotoni, yaani zile za seli za kinga zinazoitwa limfu.

#13 MwalimuLikasi
Naongeza, maana shemeji atauliza "na hiyo protini inafanya nini". Inazuia seli isikomae. Mwaone wanafunzi wa darasa la kwanza wanaokataa kupanda la pili, na kila asubuhi wanaandikishwa wapya. Mwezi haujaisha viti vyote vimekaliwa na wasiojua kusoma, na wale wa la sita, yaani seli nyekundu, seli za kuganda damu, seli za kupigana na homa, hawana pa kukaa. Ndiyo sababu mtoto anapauka, anavilia damu, na homa haishuki hata mkitibu palu mara kumi.

#14 Bukari_na_Samaki
Mwalimu ameeleza shule yangu ya msingi bila kuitaja.

#15 DiasporaBxl
Hadithi ya hiyo mishono ni nzuri. 1960, Nowell na Hungerford, mjini Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi kupita kiasi kwa wagonjwa wa leukemia. Miaka mingi watu walidhani kipande kimepotea tu. Halafu Janet Rowley wa Chicago akawa anakata picha za kromosomu juu ya meza ya kulia chakula nyumbani, wanawe wakimtania kwamba mama analipwa kucheza na karatasi. 1973 akaonyesha kwamba kipande hakikupotea, kilihamia: ya 9 na ya 22 zimebadilishana. Kabla ya pale wengi waliona mabadiliko ya kromosomu kama takataka za ugonjwa, si chanzo chake.

#16 LaboUsiku
Sawa kabisa, ila wasomaji wasichanganye: ile ya Philadelphia kwanza ni ya leukemia sugu, inayokwenda polepole. Katika leukemia kali ya limfu inaonekana pia, kwa watu wazima karibu robo, kwa watoto ni wachache. Rowley huyohuyo alionyesha pia mshono wa 8 na 21 katika leukemia kali ya upande wa pili, ile ya miyeloidi.

#17 ShahidiWaKenya (komini ya Kenya, Lubumbashi, si Nairobi)
Mmesema sana kitenge na shule. Swali langu hamkujibu: kwa nini MTOTO HUYU? Mafundi wanashona gizani kwa watoto wote. Katika avenyu yetu kuna watoto mia, amekamatwa mmoja. Mimi nawaambia kuna mkono wa mtu. Sayansi inaeleza kisu, haielezi aliyekishika.

#18 NesiWaZamu
Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo "mkono wa mtu" ndiyo inayowaleta watoto kwetu wakiwa wamechelewa miezi miwili. Na mkono huo kila mara hukutwa kwa mama mkwe au kwa mwanamke asiye na mtetezi. Nimeona.

#19 ShemejiWaWengine
Mimi nasimama upande wa pili kidogo, maana hapa mnamwosha dada kwa maji mengi. Kurithi KUPO. Kuna familia zinazorithishana jeni ya TP53 iliyoharibika, wanapata kansa za namna nyingi, leukemia ikiwemo. Kuna anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa uboho. Kuna familia ambazo jeni ya RUNX1 mbovu inapita kutoka kwa mzazi, na leukemia inafuata. Mjomba akienda kikaoni na kusema "hairithiwi kabisa", na huko kuna kijana wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwenye simu, ataaibika mbele ya wazee.

#20 LaboUsiku
Haki yako, na ndiyo maana #4 niliandika "mara nyingi", sikuandika "kamwe". Lakini familia hizo zina alama: kansa nyingi, tena za ujana, kizazi baada ya kizazi. Na wewe hukutaja trisomia ya 21. Watoto wenye kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili hatari yao ni kama mara 10 hadi 20 ya wengine, na wengi wao hawakurithi hiyo kromosomu ya ziada, ilitokea tu wakati yai au mbegu inatengenezwa. Kwa hiyo hata "aliyezaliwa nayo" si sawa na "aliyeirithi".

#21 ShemejiWaWengine
"Ilitokea tu." Mnalipenda sana neno hilo.

#22 Esansi_Bel_Air
Mimi ni wa pembeni. Nauza esansi (petroli) kwa bidoni, miaka 9. Nasikia esansi nayo inaleta hii kitu, ni kweli?

#23 MwalimuLikasi
Ndani ya esansi mna benzini, na benzini imethibitishwa kuleta leukemia kali ya miyeloidi kwa wanaoivuta kwa wingi na kwa muda mrefu. Acha kuvuta mpira kwa mdomo unapohamisha bidoni, na usilale chumba kimoja nazo. Lakini hiyo ni habari ya watu wazima wenye kazi hiyo. Mtoto wa miaka 4 hajapata muda huo.

#24 DiasporaBxl
Hata dawa zinaweza. Jirani yangu hapa alitibiwa saratani ya titi, akapona, tukala sherehe. Miaka kadhaa baadaye leukemia kali. Daktari alimwambia wazi kwamba baadhi ya dawa zilizoua saratani ya kwanza zilikata DNA kwenye uboho pia. Alifanyiwa vipimo vya jeni nyingi, FLT3, NPM1, majina kama ya pikipiki, na matokeo hayo ndiyo yaliyoamua atibiwe vipi.

#25 MamaMapasa
Nimesoma kimya tangu juzi. Nina swali kwa LaboUsiku. Nilisikia kwamba hilo kosa linaweza kuanza mtoto akiwa bado tumboni. Kama ni kweli, basi si tunarudi palepale kwa mama?

#26 LaboUsiku
Nilikuwa naliogopa swali hili kwa sababu likikatwa vibaya linamuumiza dada.

Ni kweli. Huo mshono wa 12 na 21 mara nyingi hutokea kabla ya kuzaliwa. Walijuaje? Kwanza kwa lile tone la damu la kisigino ambalo nchi nyingi hukausha kwenye karatasi mtoto anapozaliwa. Mtoto akiugua akiwa na miaka 4 au 5, wanatoa karatasi ya siku ya kwanza na kukuta mshono uleule. Pili kwa mapasa, yaani mapacha. Mapasa wanaofanana, wa kondo moja, wakiugua wote wawili, mshono wao unakutwa umekatika mahali palepale, herufi kwa herufi. Hawakuurithi, kwa sababu wazazi hawana. Seli ilikosea kwa mmoja, wazao wake wakapita kwa mwenzake kwa njia ya damu ya kondo. Mel Greaves, Mwingereza, ndiye aliyelisukuma sana jambo hili.

Kwa hiyo ilitokea tumboni, lakini katika mwili wa mtoto, si wa mama. Tumbo lilikuwa mahali tu.

Na mshono huo peke yake hautoshi. Watoto wachanga wanaoubeba ni kama 1 kwa 100, wengine wanahesabu zaidi, na karibu wote hawaugui maisha yao yote. Linahitajika kosa la pili, baada ya kuzaliwa.

#27 MwanaKipushi
Na ile kosa ya pili njo inaletwa na nini? Munaona? Tunarudi ku migodi.

#28 MwalimuLikasi
Greaves mwenyewe anasema ni maambukizi ya kawaida: mtoto aliyefichwa na vijidudu mwaka wake wa kwanza, kinga yake haikufundishwa, akikutana navyo baadaye kinga inakurupuka na katika fujo hiyo kosa la pili linapatikana.

#29 NesiWaZamu
Mwalimu, mtoto wa KATUBA amefichwa na vijidudu? Na nani, na wapi? Mwaka wa kwanza huku mtoto ameshamaliza mafua, kuhara, palu na surua. Labda nadharia hiyo ni ya watoto wa Brussels.

#30 DiasporaBxl
Wa kwangu anaugua kila Jumatatu akirudi kreshi, msitusingizie.

#31 MwalimuLikasi
Pingamizi la Nesi silipuuzi, nami nimejiuliza hivyo. Wako pia wanaosema kosa la pili ni bahati mbaya tupu, hesabu ya kunakili tu. 2008 waliposoma DNA yote ya mgonjwa mmoja wa leukemia kali ya miyeloidi kule St. Louis, jeni zilizobadilika zilikuwa 10. 2013 wakasoma wagonjwa 200: wastani jeni 13 kwa kila mmoja, chache kuliko kansa nyingi za watu wazima. Mimi hilo linanisumbua zaidi ya migodi. Makosa machache hivyo, na mtu mzima anaanguka.

#32 ShahidiWaKenya
"Bahati mbaya tupu." Na mimi mkaniita mshirikina.

#33 Bukari_na_Samaki
Hapo Mzee amewapiga moja.

#34 MjombaKatuba
Wakubwa, kuna kitu sikuandika mwanzoni. #26 imeninyima usingizi. Mtoto ni pasa. Huyu mgonjwa ni Kabange. Kyungu yuko nyumbani anacheza mpira.

#35 MamaMapasa
Mungu wangu.

#36 LaboUsiku
Mjomba, wanafanana? Wote wa kiume? Kuna aliyeandika kama kondo lilikuwa moja au mawili?

#37 MjombaKatuba
Wa kiume wote. Hata mimi nawachanganya, mama yao huwatambua kwa kovu. Kondo hakuna aliyeangalia, walizaliwa saa nane usiku, umeme haukuwepo.

#38 LaboUsiku
Sikiliza bila kuogopa kupita kiasi. Kwa mapasa wanaofanana, wa umri huo, mmoja akiugua uwezekano wa mwenzake ni kama 1 kwa 10. Maana yake tisa kati ya kumi hawaugui, kwa sababu lile kosa la pili kila mmoja hulipata au kulikosa peke yake. Mwenye hatari kubwa sana ni pasa wa mtoto aliyeugua kabla ya kutimiza mwaka, na wenu wamepita huko. Mpelekeni Kyungu hemogramu, isomwe na mtu kwa darubini, si mashine peke yake. Ikiwa safi, irudiwe kila baada ya muda atakaosema munganga. Homa isiyoshuka, alama za damu, mifupa: msingoje palu ya pili.

Na mtibuni Kabange haraka. Leukemia ya limfu kwa watoto, mahali penye dawa zote, zaidi ya 8 kati ya 10 wanapona. Ni miaka 2 hadi 3 ya dawa. Wengi hupotea kwa kuacha katikati.

#39 NesiWaZamu
Na fedha ya nauli iwekwe KABLA ya fedha ya kikao. Najua vikao vya Katuba, bia peke yake ni sindano mbili.

#40 MjombaKatuba
Nimerudi. Kikao kimekwisha saa nne usiku. Nilieleza kitenge na shule, shemeji fundi alielewa kabla sijamaliza, akasema "ni kama kasting mbovu, si dizaini mbovu". Shangazi yao hakukubali. Alisema kama ni kondo moja basi kondo ni la mama. Nikamwambia kondo ni la mtoto, linaota kutoka kwake. Akaniuliza nimejuaje, mimi si mkunga. Kaka yao mkubwa yeye anataja mgodi alikofanya kazi shemeji miaka mitatu kabla ya ndoa, sasa lawama imeanza kuelekea upande wao wenyewe.

Kyungu alitolewa damu leo asubuhi. Seli nyeupe 7,200, ni sawa, plaketi (seli za kuganda damu) ziko sawa, aliyetazama kwa darubini hakuona blasti, zile seli changa. Kabange anaanza dawa Jumatatu.

#41 MwanaKipushi
Mgodi gani ule?

#42 ShemejiWaWengine
Na aliyefanya kazi mgodini ni baba, si mtoto. Sasa mionzi ya baba inarithiwa? LaboUsiku, hapo unasemaje?

#43 LaboUsiku
Watoto waliotungwa mimba baada ya bomu na wazazi walionusurika Hiroshima wamefuatiliwa miaka mingi, na ongezeko la leukemia halijaonekana kwao. Mengine nitaandika kesho, sampuli zimefika.

#44 MamaMapasa
Mjomba, Kyungu mmepangiwa kurudi lini? Usiache waseme "tutaona".